Kompyuta imekuwa nzito, niiongezee nguvu au ninunue nyingine? Maswali tunayoulizwa sana hapa Mtwara

Tumeyakusanya haya maana kila siku ni yaleyale. Mtu anashuka kwenye bodaboda na laptop kwapani anauliza fundi hii bado ina maisha, mwingine anapiga simu toka Masasi au Nachingwea anataka jibu kabla hajapanda gari. Sasa jibu linategemea nini hasa kinachoichelewesha hiyo mashine, ukishakijua hela yako utaiweka panapotakiwa, usipokijua utanunua RAM (memori inayoshika vile ulivyofungua kwa wakati huo) kumbe shida ni diski, au utanunua laptop nyingine yenye ugonjwa uleule.

Laptop yangu nikiiwasha naenda kuchemsha chai narudi bado inazunguka tu. Imekufa?

Haijafa. Kabla hujaileta fanya hivi mwenyewe, ni bure. Iwashe, iache kama dakika kumi bila kufungua chochote, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance uangalie namba tatu, CPU (yaani prosesa), Memory (yaani RAM) na Disk.

Kama Disk imeganda kwenye 100% na wewe hujafungua kitu, mkosaji ni diski, na hii ndo hali ya mashine nyingi tunazoletewa. Kama Disk imetulia ila Memory inapanda mpaka 90 na kitu ukishafungua brauza na Word, hapo RAM ndogo. Kama CPU ndo iko juu muda wote, rudi sehemu ya Processes kwenye orodha ya programu uangalie nani anakula, mara nyingine utakuta ni kirusi au antivairasi mbili zinagombana (kuna watu wanaweka tatu kabisa, wanadhani ndo ulinzi, wakati Defender inayokuja na Windows inatosha kwa mtu wa kawaida). Ikiwa ni brauza tu yenye kurasa mbili na CPU imejaa, basi prosesa imezeeka na hapo ndo tunaanza kuongea habari za kununua nyingine.

Piga picha hiyo skrini kwa simu uje nayo au ututumie. Inatuokolea muda wote.

Kwanini kila fundi anasema SSD, SSD? Si mnataka kuuza tu?

Swali la haki kabisa. HDD, yaani diski ya zamani ya kawaida ya laptop, ndani yake ina sahani inazunguka, nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na kuna mkono unatembea juu yake kutafuta faili. Kila ukiomba faili mkono lazima uende mpaka lilipo, na Windows ikiwa inawaka inaomba maelfu ya vifaili vidogovidogo vilivyotawanyika, kwahiyo muda mwingi unaishia kwenye kutafuta hata kabla ya kusoma. SSD haina kitu kinachotembea, faili liko popote linapatikana papo hapo.

Kwa spidi ya kusoma faili kubwa moja, HDD ya laptop inacheza kwenye MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 500 na kidogo, zile za NVMe, aina mpya yenye tundu lake tofauti, nyingi zinapita 3000. Lakini usidanganyike sana na hizo namba, ukitoka HDD kwenda SSD ya kawaida ya SATA utaruka kwa furaha, ukitoka SATA kwenda NVMe kwa kazi za Word na intaneti wala hutaona tofauti ya maana. Na laptop nyingi za kabla ya 2015 hata sehemu ya kuchomeka NVMe hazina, kwahiyo usiagize Kariakoo kwa kuangalia picha, zinafika huku hazingii halafu nauli ya kurudisha kwenye basi inakuwa juu yako.

GB 240 au 256 inatosha kwa kazi za ofisi na shule. Muvi na miziki weka kwenye ile HDD ya zamani, tunaitia kwenye kasha la USB inakuwa eksitano yako, diski ya nje.

Halafu jihadhari na zile "SSD" za nje zimeandikwa TB 2 au 16 kwa bei ya kutupa. Nyingi ukizifungua ndani unakuta kadi ndogo ya memori imegandishwa na gundi, inajionyesha kubwa lakini ukishajaza kidogo data zinaanza kupotea kimyakimya. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw inazipima, inaandika mpaka mwisho halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Pima kabla hujamwaga picha za harusi humo.

Nina hela ya kitu kimoja tu, nianze na SSD au RAM?

RAM GB 4 na HDD: anza na SSD. RAM GB 2: huwezi kuchagua, vyote, na kwa umri wa mashine yenye GB 2 bora tuongee kwanza. RAM GB 8 na HDD: SSD bila kufikiria. RAM GB 4 na tayari una SSD: sasa ndo ongeza RAM ifike 8.

Sababu ni kwamba RAM ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba. Diski ikiwa HDD ndo pale kila kitu kinaganda mpaka mshale hautembei, ikiwa SSD inavumilika.

RAM si RAM tu? Nimepata moja ya rafiki yangu naweza kuchomeka?

Hapana, taratibu. Kuna DDR3, DDR3L na DDR4, na sasa DDR5 kwenye mpya. Kile kipengo cha katikati kimekaa sehemu tofauti kwa DDR3 na DDR4, kwahiyo ikikataa kuingia usisukume, hutakiwi kutumia nguvu hapo. DDR3 na DDR3L zenyewe zinaingia sehemu moja, tofauti ni umeme: ya kawaida inataka volti 1.5, ya L inaenda mpaka 1.35, na laptop nyingi za kuanzia 2013 hivi zinataka L tu, ukiweka ya kawaida haiwaki.

Kwenye Task Manager, ukibonyeza Memory, chini imeandikwa Slots used, labda 1 of 2. Hapo una nafasi moja, unaongeza bila kutoa ya zamani. Ila kuna laptop nyembamba ambazo RAM imegandishwa kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), MacBook za miaka ya karibuni ndo zote hivyo, hizo ulivyonunua ndo hivyohivyo mpaka mwisho.

Kingine, bei. Tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye sava za AI. Kwahiyo ukiambiwa bei ya juu kuliko uliyosikia mwaka juzi, muuzaji anaweza asiwe mwizi. Na RAM yako ya zamani usiigawe.

"Generesheni" mnayoulizaga ni nini na naionaje?

Angalia kibandiko au fungua System, utaona kitu kama Intel Core i5-3320M. Namba ya kwanza baada ya kistari ndo generesheni: 3320M ni ya tatu, 6300U ni ya sita, 8250U ni ya nane. Zikianza na 10, 11, 12 unasoma hizo mbili. Watu wanabishana hapa kaunta kwamba i7 lazima iwe kali kuliko i5, sasa i7 ya generesheni ya pili na i5 ya generesheni ya nane usizilinganishe kabisa, i5 hiyo ina koo (core) nne, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na inakula umeme kidogo zaidi.

Sisi tunagawa hivi, na fundi mwingine anaweza kukwambia tofauti. Core 2 Duo na zile za enzi zake, usiweke hela, labda SSD uliyonayo tayari. Generesheni ya 2 na ya 3, SSD ndio, RAM ukipata ya bei rahisi, basi, usiende mbali zaidi. Ya 4 mpaka ya 7, hizo bado zina kazi kabisa, wekea vyote. Ya 8 kwenda mbele, kuitupa kwa sababu ni nzito ni uharibifu wa mali, hiyo inataka SSD na kusafishwa tu.

Nimeambiwa Windows 10 imefungwa kwahiyo laptop yangu haitawaka tena. Kweli?

Itawaka. Kilichotokea Oktoba 14, 2025 ni kwamba Microsoft waliacha kutoa apdeti za usalama za bure za kawaida kwa Windows 10. Waliweka nyongeza ya watu binafsi inayoenda mpaka Oktoba 13, 2026, unajiunga kupitia setingi za Windows Update. Baada ya hapo mashine inafanya kazi ila mashimo mapya yakigunduliwa hayazibwi, na wewe unaechomeka flashi toka kila steshenari ya mjini hapo ndo unajiweka pabaya.

Windows 11 kwa sheria yao inataka generesheni ya 8 kwenda juu kwa Intel, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na RAM isiyopungua GB 4. Kuna njia za kuilazimisha kwenye mashine za zamani na mafundi wanazifanya, hata sisi, lakini mwambieni fundi awaambie ukweli kwamba Microsoft hawaahidi apdeti kwa mashine hizo. Core 2 Duo hata kwa kulazimisha, toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki kabisa, prosesa inakosa maelekezo fulani linayohitaji.

Hii ndo sababu yetu kubwa ya kumshauri mtu anunue nyingine siku hizi. Wepesi tunaweza kuutengeneza kwa SSD, lakini apdeti hatuwezi kukuuzia.

Na Linux je?

Linux ni mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kama kazi zako ni brauza, barua pepe, PDF na kuandika, Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, kwenye generesheni ya 2 yenye SSD inaenda vizuri sana na apdeti unapata. Mwalimu anayeingia ESS na PEPMIS, ile mifumo ya watumishi wa serikali, hana shida, zile anazifungulia kwenye brauza tu. Shida inakuja ukiwa na programu ya uhasibu ya Windows, au printa fulani zenye draiva ngumu, au ukiwa unatumiwa faili la Excel lenye makro. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inafungua faili nyingi za Word na Excel lakini jedwali lililopambwa sana litahamahama. Jaribu kwanza kwenye flashi bila kufomati, inawaka toka kwenye flashi yenyewe, ukiona printa yako inakubali ndo uweke moja kwa moja.

Si bora ninunue tu ile mpya ya bei chee iko kwenye boksi?

Hapa tukae kidogo maana wazazi wengi wanaopeleka mtoto chuo, iwe Stella Maris hapa au Dar, wanaingia hapa.

Kile kilaptop kipya chepesi cha Celeron, RAM GB 4, halafu diski wanaandika GB 64 eMMC, au hata 32. Boksi linanukia upya, garantii ya mwaka, mtoto anafurahi. Sasa Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hizo GB 32, ikija apdeti kubwa inakwambia nafasi haitoshi, na eMMC ni kama memori ya simu ya bei ndogo, sio SSD. RAM imegandishwa, diski imegandishwa, hakuna cha kuongeza, na sisi mafundi hapo tunabaki kukuangalia tu. Used ya ofisini ya generesheni ya 8, i5, GB 8 na SSD, kwa bei ambayo mara nyingi inakaribiana, itamkimbiza huyo mpya vibaya sana na ikiharibika kila kifaa kinapatikana.

Kwahiyo mzee wangu usinunue upya wa boksi, nunua vilivyomo ndani.

Haya nimeamua used. Naikaguaje isije ikawa kimeo?

Iwashe mwenyewe, usikubali "imeshawashwa". Andika CrystalDiskInfo kwenye daftari lako, ni programu ya bure, ichomeke na flashi, inakupa afya ya diski, ukiona Caution au Bad shusha bei au ondoka. Betri: fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, inatoa faili, ndani yake kuna DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ndo ilivyozaliwa, ya pili ndo ilivyo leo. Ikiwa ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza, andaa hela ya betri. Jaribu vitufe vyote vya kibodi kwenye Notepad, kila tundu la USB, kamera, spika, na funua kifuniko taratibu mpaka mwisho uone kama skrini inazimazima.

Halafu kubwa zaidi, nyingi za hizi zilikuwa za makampuni ya nje. Ikiwa imefungwa paswedi ya BIOS (ile inayokuja kabla Windows haijawaka), au ukiifomati ikiwa na intaneti inakuomba uingie na email ya kampuni au shule usiyoijua, rudisha siku hiyohiyo, hiyo bado ina mwenyewe huko. Na risiti ya EFD chukua, ukibebewa laptop mtaani jioni bila chaja wala risiti kwa bei ya kilo chache za korosho jua umenunua kesi.

Sisi ni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu unaanza na kompyuta inaganda. Kuna cha haraka?

Kwanza laiti mngekuja Agosti. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba mafundi wote wamejaa na vifaa vinapanda, kila mtu ana hela na kila mtu ana haraka.

Mashine za vyama tunazoletewa zinafanana: desktop au laptop ya zamani, HDD, taa ya diski haizimi, Excel moja ina majina ya wakulima wote na kilo zao za misimu mitano kwenye shiti moja, na bakapu hakuna. Usifikirie kununua nyingine kabla ya kufanya vitu viwili. Nakili data zote leo, kwenye eksitano inayolala sehemu tofauti na kompyuta. Kisha weka SSD na kugawa hilo faili la Excel kila msimu na lake. Mashine ya generesheni ya nne ikifanyiwa hivyo itavuka msimu, kununua mtaongea Februari mkiwa mmetulia na bei imetulia.

Diski ikiwa inalia tik-tik-tik, zima. Sio kesho. Zima sasa, kila dakika ikizunguka inazidi kujichimbia na majina ya wakulima yako humo.

Kwani hii hali yetu ya pwani inachangia?

Sana. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, kokote upepo wa bahari unapofika, ile chumvi na unyevu vinakaa kwenye vyuma. Utakuta laptop haiwaki, taa inakuja skrini nyeusi, mwenyewe kashaambiwa mazabodi imekufa. Tunatoa RAM, yale meno ya dhahabu yamefifia yana utando, tunayasugua na ufutio wa penseli taratibu, tunapangusa na spiriti, tunarudisha, inawaka. Siyo kila siku ni hivyo lakini jaribu hilo kabla hujatangaziwa msiba.

Newala na Tandahimba juu kule chumvi hakuna ila vumbi jekundu lipo, linaziba feni. Prosesa ikipata joto kali inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, wewe unaona nzito kumbe inahema. Ukiona asubuhi ni nyepesi halafu baada ya nusu saa inakuwa nzito na feni inalia kama jenereta, usinunue chochote, isafishwe na ibadilishwe ile dawa ya joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Na usiiweke juu ya godoro ukifanyia kazi kitandani, matundu yako chini.

Umeme ukikatika inaumiza?

Desktop bila UPS, ndio, hasa yenye HDD, mkono unakatwa katikati ya kuandika. Laptop yenye betri nzima haijali. Laptop iliyokufa betri ni sawa na desktop bila UPS, kwahiyo kama unagawa hela, betri nayo iingie kwenye hesabu. Tena desktop za zamani zinakula LUKU kuliko laptop, ukiwa nayo dukani inawaka kutwa utaiona tofauti kwenye yuniti.

Kuna kitu cha bure naweza kujaribu kabla ya kutoa hata mia?

Vipo. Task Manager, Startup apps, zima vyote usivyovihitaji wakati wa kuwaka. Futa mpaka diski C ibaki na nafasi ya kutosha, ikiwa nyekundu imejaa hata SSD inachoka. Toa brauza tatu ubaki na moja. Kama saa inarudi nyuma kila ukiwasha na tovuti zinakataa kufunguka, hiyo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi, karibu bure. Mwisho kabisa kupiga Windows upya, iliyo safi, siyo ile ya flashi ya mtaani yenye programu arobaini na kile kiprogramu cha kuactivate cha wizi, hicho mara nyingi ndo kinakuja na kirusi kinachokula CPU yako usiku na mchana.

Hesabu yenu ya mwisho ni ipi, naacha lini kuitengeneza?

Jumlisha kila kitu, SSD, RAM, betri, ufundi. Ikipita nusu ya bei ya used nzuri ya generesheni ya 8, acha. Ikiwa imeharibika mazabodi, acha. Skrini imepasuka na bawaba zimeng'oka na ni generesheni ya 3, acha. Kama kazi yako ni AutoCAD, ramani za QGIS au kuediti video, usianze hata kuihesabu, hiyo kazi inataka mashine nyingine.

Na ile ya zamani niifanyeje?

Toa diski kwanza, usiuze na diski yako ndani hata kama umefuta, kufuta kwa kawaida mtu anarudisha faili zako jioni moja. RAM toa, chaja tunza. Mwili uliobaki lete, tunanunua kwa vifaa kama skrini na kibodi vizima, na betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe kwenye takataka za kuchomwa, njoo nayo kwenye chombo cha bati au udongo, peke yake.

Ukija njoo na chaja. Nusu ya wanaotoka Masasi wanaisahau.